Kamba Iliyokula Ubao

Mwezi wa nane nilikuwa nyumbani Vunjo, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nimekaa barazani na mama tunamenya ndizi mshare za mtori, ikafika saa kumi na mbili jioni na kengele ya kanisa ikalia. Mama hakusimama. Hilo ndilo lililonishtua. Tangu nikiwa mtoto, kengele ya jioni ikilia mama huweka kisu chini, hujifuta mikono kwenye kanga, husimama na kuanza: "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria." Nasi huitikia popote tulipo, hata kama mdomoni mna chakula. Safari hii aliendelea kumenya. Nikamwuliza, mama, hujasikia? Akasema, "Nimesikia, mwanangu. Lakini hiyo ni spika."

Kumbe parokia ilikuwa imefunga spika mnarani. Kengele zetu tatu ziliharibika moja baada ya nyingine, mpiga kengele wa mwisho mgongo umemshinda, na kijana mmoja mwenye nia njema akaleta flashi yenye sauti ya kengele za Ulaya. Zinalia vizuri, kwa saa zile zile, wala hazichelewi. Mimi sina ugomvi na spika. Ninaishi Moshi mjini, jirani na msikiti, na adhana ya alfajiri hunifikia kwa spika kila siku. Lakini muadhini ameamka. Ametawadha, amesimama, leo sauti yake ina mafua na kesho haina, na ninapomsikia najua kuna mtu aliye macho kabla yetu kwa ajili yetu. Kengele ya flashi haina mtu nyuma yake. Nadhani hilo ndilo mama alilolisema, ila yeye alilisema kwa maneno machache.

Kesho yake nikamwomba katekista ufunguo wa mnara. Babu yangu mzaa baba alishika kamba za mnara ule tangu kabla ya Uhuru mpaka nguvu zilipomwishia, na utotoni mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake wa Jumapili. Nilikuwa sijapanda kule tangu tumzike.

Ngazi ni ile ile ya mbao, mavi ya popo ni yale yale. Mnara umejengwa kwa mawe meusi ya mlima, na kiangazi ndani yake kuna baridi ya kisima. Juu ya chumba cha wapiga kengele kuna sakafu ya mbao yenye matundu matatu ambamo kamba zilipita. Mafundi waliyatoboa yakiwa duara. Sasa hayana duara tena. Kila tundu limechimbika kuelekea upande mmoja, upande wa mlango, kwa sababu hapo ndipo mpigaji husimama ili aone padre anapotoka sakristia. Kamba ya katani imeula ubao mgumu kiasi kwamba kidole changu cha shahada kilizama chote kwenye mfereji wake, na mfereji wenyewe ni laini kama mpini wa jembe la zamani. Nilikaa pale muda mrefu na kidole changu mle ndani.

Juu zaidi ziko kengele zenyewe. Mbili za shaba zina maandishi ya Kilatini, ile kubwa ina Kijerumani. Yameandikwa majina ya watakatifu, na jina la kiwanda. Hakuna mahali palipoandikwa aliyezibeba kutoka stesheni, wala aliyezipiga. Historia ya kengele ndivyo inavyohifadhiwa mahali pengi: anajulikana aliyeisubu kwa madini ya kuyeyushwa na aliyeitoa sadaka. Mimi nataka kuisimulia kwa upande wa kamba.

Upande huu wa mlima kengele za kanisa zilianza kulia kwenye miaka ya 1890. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont na Padre Alexandre Le Roy, wa Shirika la Roho Mtakatifu lililokuwa Bagamoyo tangu 1868, walifika Kilema na kupokewa na Mangi Fumba, chifu wa huko. Miaka mitatu baadaye Wakatoliki wakafungua Kibosho, na mwaka huo huo wa 1893 Walutheri wa Misioni ya Leipzig wakaanza Machame. 1894 wakaja Mamba, 1896 Moshi ya zamani, kule Kidia. Kwa hiyo sisi wa Vunjo tulizaliwa katikati ya minara miwili ya madhehebu mawili. Kilema na Mamba zimetenganishwa na makorongo, na korongo halizuii sauti. Wakati mwingine hata huibeba vizuri zaidi, hasa asubuhi kabla ukungu haujapanda.

Bibi yangu alikuwa Mlutheri wa Mamba kabla ya kuolewa. Mpaka anazeeka, Jumamosi jioni alikuwa akinyamaza ghafla katikati ya mazungumzo na kutega sikio upande wa mashariki. Huko Walutheri hupiga kengele Jumamosi jioni kuikaribisha Jumapili, desturi waliyoipokea kutoka kwa wamisionari wao. Babu alimtania kwamba ameolewa mwili, masikio yamebaki kwao. Bibi alikuwa na usemi wake kuhusu kengele ya kwao: kwamba ile inasema ukweli mkavu, wakati zetu zinabembeleza. Niliuchukulia kama utani wa ndoa mpaka nilipokuja kuelewa jambo la madini.

Kengele ya kawaida ya kanisa husubiwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, karibu sehemu nne za shaba kwa moja ya bati. Mchanganyiko huo ni mgumu, na ukipigwa unatetema muda mrefu. Karne ya kumi na tisa kiwanda cha Bochumer Verein, mji wa Bochum, Ujerumani, kikaanza kusubu kengele za chuma cha pua, yaani steel, zilizouzwa kwa bei nafuu kuliko za shaba. Mwaka 1855 kilizipeleka kwenye Maonyesho ya Paris, na mpinzani wao Krupp akadai hicho si chuma cha pua, ni chuma cha kawaida cha kusubu. Basi kengele moja ikavunjwa na vipande vyake vikafuliwa, maana chuma cha kusubu kikipigwa nyundo hupasuka, na cha pua hunyooka. Kengele hizo zikaenea sana, kwa makanisa yasiyo na fedha nyingi. Sauti yake ni kali, tena hufa mapema kuliko ya shaba. Bibi alikuwa sahihi kabisa: ni ukweli mkavu.

Ile kubwa ya kwetu nayo ni ya chuma cha pua. Waliozaliwa chini ya mnara huu hawazijui kengele kwa majina ya Kilatini. Kubwa ni Baba, ya kati ni Mama, ndogo ni Kadogo. Ukimwambia mtu wa kwetu "Mtakatifu Yosefu analia" atakutazama tu. Mwambie "Baba analia" atavua kofia.

Namna Baba alivyofika mlimani nimeisikia kwa babu, naye aliisikia kwa baba yake aliyekuwemo. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kabla ya hapo kila kitu kilipanda kutoka pwani kichwani mwa wapagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Watu wa zama zile walijua kugawanya mizigo. Meli ya Graf von Götzen, hii tunayoiita Liemba, ilitoka Ujerumani ikiwa imefunguliwa vipande ndani ya masanduku elfu tano, ikaunganishwa upya Kigoma na kuingizwa ziwani 1915. Lakini kengele haifunguliwi. Ukiikata vipande umebaki na vyuma chakavu. Lazima ije nzima, na njia yote lazima iwe na watu wa kutosha kwa uzito wote kwa mara moja.

Ndiyo maana safari ya kutoka stesheni ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kila ukoo ulitoa vijana. Palikatwa miti miwili mirefu ya mruka, kengele ikaning'inizwa katikati, imefungwa majani ya migomba ili isigonge chochote njiani, na ulimi wake ulibebwa kando na mtu mmoja peke yake, kwa sababu wazee hawakutaka ilie kabla ya kufika. Hapo babu alikuwa akisimama kusimulia, anaweka mkono begani kuonyesha jinsi mti ulivyokaa. Kwenye mto walivuka kwa zamu. Kwenye mteremko wa mwisho, mzee mmoja ambaye hakuwa amebatizwa na wala hakukusudia, alikuja na jani la sale akalifunga kwenye taji la kengele. Sale kwetu ni jani la amani na la kuombana radhi. Ukilishika huwezi kukataliwa. Padre aliliona, akaliacha.

Halafu kengele ikabatizwa. Kanisa husema "kubarikiwa", wazee walisema kubatizwa, na ukiijua ibada ya zamani huwezi kuwalaumu. Askofu aliiosha kengele kwa maji, akaipaka mafuta ya wagonjwa kwa nje mara saba na mafuta ya krisma kwa ndani mara nne, akaweka ubani chini yake mpaka moshi ukajaa tumboni, ikapewa jina. Mtu aliyeona hayo yote akaambiwa "huu si ubatizo" angeuliza, basi umebaki nini?

Sasa niseme juu ya kamba. Watu wengi hudhani kupiga kengele ni kuvuta tu. Baba ananing'inia kwenye boriti inayozunguka juu ya beringi, na uzito wake hauvutwi kwa nguvu, huombwa. Unavuta kidogo, unaachia, unavuta tena inaporudi, kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Mvuto wa nne au wa tano ndipo ulimi unagusa. Na ikishaenda, ni yenyewe inayokuvuta. Mimi nilikuwa mwepesi. Baba alikuwa akininyanyua sakafuni mpaka babu ananishika mguu. Kubembea huko kunausukuma mnara wenyewe pia. Ukiweka kiganja ukutani unausikia unapumua.

Lugha ya kengele babu alinifundisha kabla sijajua kusoma. Malaika wa Bwana ni tatu, kituo, tatu, kituo, tatu, kisha mfululizo. Alfajiri, adhuhuri na jioni. Kengele ya mchana ina asili ambayo wengi hawaijui: mwaka 1456 Papa Calixtus wa Tatu aliagiza kengele zipigwe kila mchana, waumini waombe, kwa sababu jeshi la Waturuki lilikuwa linauelekea mji wa Belgrade. Vita vile viliisha zamani. Kengele ikabaki, ikavuka bahari, na kwa mama yangu ikawa alama ya kuinjika sufuria. Alhamisi Kuu, baada ya wimbo wa Utukufu kwenye misa, kengele zinafungwa midomo mpaka mkesha wa Pasaka, na sisi watoto tulizunguka na vibao vya mbao tukivigonga. Usiku wa Pasaka, Utukufu ukiimbwa, zote tatu zinaachiwa pamoja. Hapo babu alihitaji watu watatu, na mmoja wao alikuwa analia machozi kila mwaka. Alikuwa babu mwenyewe.

Ila lugha ambayo kijiji kizima kiliisikiliza kwa makini kuliko zote ni ya msiba. Katika mji wa Schaffhausen, Uswisi, iko kengele ya mwaka 1486 yenye maneno ya Kilatini yasemayo: nawaita walio hai, nawalilia wafu, navunja radi. Kwa kuvunja radi babu hakuwa na imani. Mvua za masika zikija na ngurumo alikuwa anaiacha kamba mbichi na kutoka nje haraka. Lakini kuwalilia wafu ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa. Mtu akifariki, familia ilimtuma mtu kwa babu hata kabla ya kwenda kwa padre. Pigo moja, kisha kimya cha Salamu Maria nzima, kisha pigo jingine. Akifa mwanamume hulia Baba. Akifa mwanamke hulia Mama. Kadogo ni kwa mtoto. Watu shambani walisimama na jembe mkononi kuhesabu na kutambua, na pigo la tatu likipita kila mtu ameshajua aelekee wapi kuuliza.

Niliwahi kumwuliza babu kengele ipi ni nzito kuliko zote. Nilitegemea aseme Baba. Akasema Kadogo. Nikacheka, maana Kadogo hata mimi nilimpiga kwa mkono mmoja. Yeye hakucheka. Akaniambia ilikuwako miaka ya surua. Surua ikiingia kijijini, alisema, Kadogo alilia asubuhi, na kabla babu hajafika nyumbani anaitwa tena. Kuna nyumba aliipigia mara tatu kwa wiki mbili. Ilifika mahali wakamfuata wazee wakimwomba apunguze mapigo, kwa sababu wagonjwa walikuwa wanayasikia vitandani. Alipunguza, na jambo hilo lilimsumbua hadi uzeeni, kwamba kuna watoto walioondoka na mapigo pungufu.

Kisha Kadogo akaanza kunyamaza. Babu hakuliona kwa ghafla. Alisema ni kama mvua inavyokatika: hujui tone la mwisho lilikuwa lipi. Mpango wa chanjo wa taifa ulianza 1975. Akina mama walishuka zahanati na watoto mgongoni, wakarudi na kadi. Babu hakusoma takwimu ya mtu yeyote. Aliijua chanjo kupitia kamba. Ilifika mwaka mzima, akasema, Kadogo amelia kwa misa za kila siku tu, na siku ya Krismasi babu alimpiga mpaka mikono ikauma, hakumwambia mtu sababu. Sijui historia nyingine ya afya ya kijiji chetu iliyo sahihi kuliko hiyo.

Kwa hiyo mnielewe nilipomkuta Kadogo ana ufa. Umeanzia kwenye mdomo, mahali ulimi ulipogonga miaka yote, ukapanda. Kando ya ufa kuna vidonda vya welding. Mtu aliitwa, akafanya kama anavyofanya kwenye geti, na joto la ghafla likaurefusha ufa badala ya kuufunga. Kengele ya shaba haichomelewi hivyo. Inatakiwa ipashwe moto yote polepole, na ipoe polepole vile vile, kwenye tanuri. Nilikasirika kwa siku mbili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ungezuilika kirahisi: ulimi ukipiga mahali pale pale kwa miongo mingi shaba inalika, na dawa yake ni kulegeza boliti za juu na kuizungusha kengele robo, ipigwe mahali papya. Kengele ya Big Ben ya London, yenye tani 13 na ushee, ilipata ufa mwaka 1859, mwaka ule ule ilioanza kulia. Waliigeuza kidogo, wakaweka nyundo nyepesi, na inalia hivyo na ufa wake mpaka leo.

Nilirudi Moshi, nikatafuta fundi. Nilimpata mzee aliyekuwa karakana za reli, anayejua beringi kama mimi ninavyojua jina langu. Alipanda mnara polepole, akamgonga Kadogo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akasema watatoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, na huyu asipigwe kwanza. Baba beringi zimeshikana kwa kutu, zitahitaji kutolewa. Lakini Mama, alisema, Mama ni mzima. Amekauka grisi tu, na ulimi umelika upande mmoja.

Paroko alitukubalia Jumamosi moja. Alikuja mwenyewe, amevaa gambuti, akabeba debe la grisi. Tulikuwa watu watano. Tulilegeza boliti, tukamzungusha Mama robo, tukaufunga ulimi kwa ngozi mpya, tukapitisha kamba ya katani kwenye tundu lake. Ikaingia kwenye ule mfereji wa babu yenyewe, bila kuelekezwa. Fundi alitaka asikilize kila pigo linavyokufa kabla ya kukubali kazi, kwa hiyo akaniambia nivute mara moja niache, hadi aseme tena. Nikavuta. Mama akalia, sauti ile ile, na chini yake ule mvumo unaokaa kwenye kifua. Nikangoja. Fundi akainua kidole. Nikavuta tena. Nikangoja. Tulifanya hivyo mara saba au nane, tukishughulikia boliti na kusikiliza, hakuna aliyefikiri kitu kingine.

Tulipotoka nje tukamkuta mtoto wa miaka kama tisa mlangoni, anahema, miguu imejaa vumbi. Alikuwa amekimbia kutoka vihamba vya chini.

"Shikamooni. Bibi amenituma. Anauliza ni mama gani amefariki."